Namna ya Kumtambua Kifutu wa Kijani wa Asia kwa Umbo Lake na Mahali Anapoishi

Nyoka ninayemzungumzia hapa ni Trimeresurus albolabris, kifutu wa kijani mwenye mdomo mweupe. Wengi humtafuta kwa rangi, na hapo ndipo wanapopotea. Bustani na misitu ya Asia ya kusini-mashariki imejaa nyoka wa kijani: wapo wasio na sumu kabisa, wapo wenye sumu hafifu, na wapo ndugu zake wa jenasi ya Trimeresurus, zaidi ya spishi 40, wengi wao kijani kama yeye. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na ramani, unakwenda kwenye kichwa, kisha kiwiliwili na mkia. Kijani tunakiacha nyuma.

Nimewaandikia zaidi Waswahili wanaoishi au kupita huko: wafanyabiashara wa Guangzhou, wanafunzi wa vyuo vya China, watalii wa Thailand na Vietnam. Lakini utamfaa pia aliyekaa nyumbani Tanga au Goma akitumiwa picha kwenye simu na kuambiwa nyoka huyu ameonekana shambani kwa jirani.

Hatua ya 1: Uliza kwanza picha imepigwa wapi

Vifutu wenye vishimo usoni, kundi ambalo nyoka wetu yumo, wanaishi Asia na Amerika. Mmoja wao anafika pembeni mwa Ulaya upande wa mashariki. Afrika hawapo hata mmoja, na Australia vilevile. Hili peke yake linamaliza mabishano mengi. Kama una hakika nyoka ameonekana porini barani Afrika, si huyu.

Atakuwa nani basi? Akiwa mfupi, mnene, kichwa kipana na magamba yamechongoka na kukwaruza, na mahali penyewe ni msitu wa Kongo, Uganda au Kakamega, mfikirie Atheris squamigera, kifutu wa mitini wa Afrika. Kule milima ya Usambara yupo ndugu yake, Atheris ceratophora, mwenye vijipembe juu ya macho. Akiwa mrefu, mwembamba, mwepesi wa kukimbia na uko pwani, huenda ni koboko wa kijani, na huyo ni hatari kubwa. Huenda pia ni ukukwi asiye na madhara. Usijaribu kuwatofautisha hao wawili ukiwa umesimama karibu nao.

Sasa ramani ya Asia. Kifutu mwenye mdomo mweupe anapatikana kaskazini-mashariki mwa India, Bangladesh, Myanmar, Thailand, Laos, Kambodia na Vietnam. China yuko kusini: Guangdong, Guangxi, Fujian, kisiwa cha Hainan, pamoja na Hong Kong na Macau. Indonesia yupo Sumatra na Java.

Kujua asipokuwepo kuna faida ileile. Taiwan mwenyeji wa kijani ni Trimeresurus stejnegeri, naye huko ni wa kawaida sana. Sri Lanka kuna Trimeresurus trigonocephalus, kijani mwenye madoa meusi. Timor, Flores, Komodo na visiwa vya jirani ni makao ya Trimeresurus insularis. Huyu wa mwisho anastahili kutajwa zaidi kwa sababu wa Komodo wengi si kijani, ni wa buluu ya kung'aa, na picha zake husambaa mtandaoni watu wakidhani zimepakwa rangi kwa kompyuta. Hazijapakwa. Ndivyo alivyo.

Ukifungua kitabu cha zamani utakuta ramani ya albolabris imetandazwa kutoka Nepal hadi Timor. Sababu ni hii: mtaalamu wa wanyama John Edward Gray alimwelezea nyoka huyu kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1842, na kwa muda mrefu waliofanana naye walihesabiwa kuwa ni yeye yule. Mwaka 1977 mtaalamu mwingine, Kramer, aliwapa majina wale wa Nepal na wa visiwa vya mashariki, lakini wakabaki kama nususpishi zake hadi 2001, uchunguzi wa vinasaba ulipowafanya spishi kamili. Halafu mwaka 2004 watafiti Malhotra na Thorpe walimhamishia jenasi mpya, Cryptelytrops, na baadaye wataalamu wengi wakarudi kwenye Trimeresurus. Unapotafuta habari zake, tafuta kwa majina yote mawili, ama sivyo utakosa maandishi mengi mazuri ya miaka hiyo.

Hatua ya 2: Angalia mahali alipo na alivyokaa

Huyu ni nyoka wa usiku, na ni wa kuvizia. Hatafuti mawindo kwa kuzungukazunguka. Huchagua tawi, shina la mwanzi au kichaka kando ya kijito, anazungusha mkia wake kwenye tawi ili ujishike, anakunja shingo tayari, kisha anatulia. Anaweza kutulia hapo kwa saa nyingi. Chakula chake ni vyura, mijusi, panya na ndege wadogo, hivyo mahali penye vyura wengi ndipo pa kumtegemea. Usiku pia hushuka chini kabisa, akajilaza kwenye majani makavu au pembezoni mwa njia.

Msitu mkubwa si lazima kwake. Mashamba, bustani za nyumba, vichaka vya pembezoni mwa miji, vyote vinamtosha. Huko Bangkok, yeye na ndugu yake Trimeresurus macrops ndio nyoka wenye sumu wanaouma watu zaidi. Hong Kong ndiye anayeongoza kwa kuuma, kwa sababu vilima vyenye misitu vimekaa mgongoni mwa majumba na watu hupanda vilima hivyo kila siku.

Tabia ya kutulia ndiyo ya kuzingatia kuliko zote. Ukukwi ukimkaribia anakimbia. Huyu hakimbii, kwani maisha yake yote ameyajenga juu ya kutoonekana. Mtu anashika mwanzi ili ajivute mlimani, au anaweka mkono kwenye reli ya ngazi bila kuangalia, na nyoka yupo palepale tangu jioni. Kwa hiyo ukiwa katika maeneo hayo, tochi kwanza, mkono baadaye. Usiku vaa viatu vilivyofunika mguu, hata kama unatoka tu kwenda kutupa taka.

Hatua ya 3: Piga picha ukiwa mbali

Simama mita mbili au zaidi, tumia kamera kuvuta karibu. Usimsogeze kwa fimbo ili kichwa kionekane vizuri. Kichwa kikijificha, ondoka. Picha tatu ndizo zenye thamani: kichwa kutoka ubavuni, kiwiliwili kizima, na mkia. Andika papo hapo mahali, saa, na kama alikuwa juu ya mti au chini. Picha ya kichwa kutoka juu ni ya ziada. Ya ubavuni ndiyo itakayojibu maswali ya hatua inayofuata.

Zima mwanga wa kamera kama una tochi nzuri. Mwanga mkali wa simu hufuta kabisa tofauti kati ya kijani na njano, na tofauti hiyo tutaihitaji.

Hatua ya 4: Soma kichwa

Hapa chukua muda. Kuza picha mpaka kichwa kijaze kioo cha simu.

Umbo la jumla: kichwa kipana cha pembetatu, shingo nyembamba inayoonekana wazi kuwa ni shingo. Nyoka wengi wasio na sumu wa kijani wana kichwa kinachoungana na mwili bila kona. Lakini umbo pekee lisikutoshe, kwani wapo nyoka wasio na hatari wanaotanua mataya wakitishwa.

Juu ya kichwa: magamba madogomadogo, mengi, yanayolingana kwa ukubwa. Mwenye mabamba makubwa machache utosini si Trimeresurus. Alama hii naipenda kwa sababu inaonekana hata kwenye picha isiyo safi sana.

Jicho: rangi ya njano iliyokoza au dhahabu, mboni imesimama wima kama ya paka. Hapa pana mtego. Boiga cyanea, nyoka wa kijani wa Thailand na nchi za jirani, naye ana mboni ya namna hiyohiyo na kichwa kilichojitenga na shingo. Aliyesoma mahali kwamba "mboni wima ni sumu" atawachanganya bila shaka. Boiga ana mabamba makubwa utosini na hana kishimo usoni; ana sumu hafifu isiyokaribia ya kifutu. Kinyume chake ni Ahaetulla prasina, mwembamba kama kamba, pua imechongoka, mboni imelala. Naye Ptyas major, anayeonekana sana Hong Kong na kusini mwa China, ana jicho kubwa lenye mboni ya duara, hana sumu, na huuawa bure kwa kosa la kuwa kijani.

Kishimo: kati ya jicho na tundu la pua, chini kidogo ya mstari unaoziunganisha, kuna shimo jingine. Ukihesabu matundu upande mmoja wa uso utapata mawili, pua na kishimo. Hiyo ndiyo alama ya kundi zima, na ukiiona vizuri hakuna tena shaka kama ni kifutu wa namna hii au la. Ndani ya kishimo umetandazwa utando mwembamba sana wenye mishipa mingi ya fahamu, unaohisi joto linalotoka kwa mnyama mwenye damu moto hata gizani. Vishimo viko viwili, kulia na kushoto, ndiyo maana anajua panya yuko upande gani, wala hahitaji mwanga kumlenga. Ni kiungo cha ajabu. Kila ninapokitazama kwenye picha iliyokuzwa vizuri najikuta nimesahau nilichokuwa natafuta.

Mdomo: chini ya jicho, upande wa kichwa unageuka ghafla kuwa mweupe, wa njano au kijani mpauko, mwepesi kabisa kuliko kijani cha juu. Mpaka wa rangi hizo mbili unaonekana wazi, unapita chini ya jicho kuelekea nyuma ya taya. Usitegemee weupe wa karatasi. Wengi wao ni wa njano kuliko weupe.

Sasa ile alama ndogo ambayo wataalamu huitafuta kabla ya zote. Tazama gamba la kwanza la mdomo wa juu, lile lililo mbele kabisa, chini ya pua. Kwa albolabris gamba hilo limeungana na gamba la pua, lote au kwa sehemu, bila mstari kamili wa kuyatenganisha. Kwa Trimeresurus stejnegeri mstari upo, na magamba hayo ni mawili kamili. Picha nzuri ya ubavuni ikikuonyesha hilo, umeshatatua fumbo ambalo rangi haiwezi kulitatua.

Hatua ya 5: Kiwiliwili, mkia na jinsia

Si nyoka mkubwa. Dume hazidi sentimeta 60 kwa urefu wote, jike hufika karibu 81. Mkia ni wa sentimeta 12 au 13 katika urefu huo. Mwili wa jike ni mnene, wa dume mwembamba. Ukionyeshwa kifutu wa kijani wa Thailand au Vietnam mwenye mita moja na zaidi, mtafute kwingine, hasa Trimeresurus gumprechti, aliyepewa jina mwaka 2002.

Mgongo ni kijani cha majani mabichi, kwa kawaida bila michoro. Tumbo ni kijani mpauko, njano au nyeupe. Madume wote wana mstari mweupe mwembamba unaopita ubavuni, pale mgongo unapokutana na tumbo, majike hawana. Hivyo basi mstari mweupe ukiuona, umepata dume. Usipouona, usiseme si yeye.

Juu ya mkia kuna wekundu wa kahawia, kama wa udongo wa matofali. Wavietinamu humwita rắn lục đuôi đỏ, yaani nyoka wa kijani mwenye mkia mwekundu, Wathai ngu khiao hang mai, na ukiwa vijijini majina hayo yatakusaidia kuuliza kuliko la Kilatini. Ila ujue wenyeji huyatumia kwa ndugu zake pia, maana mkia mwekundu wanao wengi wao.

Anazaa watoto hai, hatagi mayai. Watoto ni wadogo sana, kwa hiyo kifutu mwembamba kama penseli si lazima awe spishi nyingine, na sumu anayo tangu siku ya kuzaliwa.

Hatua ya 6: Mtenge na ndugu zake

Baada ya kujiridhisha kwamba ni Trimeresurus, linganisha na wale wanaoishi eneo lilelile tu. Usijisumbue na jenasi nzima.

Kusini mwa China na Vietnam, mpinzani mkuu ni stejnegeri. Tazama mstari wa ubavuni: dume wa stejnegeri ana mstari wa rangi mbili, mweupe juu na mwekundu au kahawia chini. Wa albolabris ni mweupe mtupu. Macho ya stejnegeri mara nyingi huelekea wekundu.

Thailand na Kambodia, mpinzani ni macrops. Huyu ana jicho kubwa kwa uso wake, na ukiweka picha mbili bega kwa bega utaliona jambo hilo mara moja. Ukiwa na picha moja tu ni vigumu, na magamba ya pua hayatakusaidia kwa kuwa hao wawili ni wa kundi moja la karibu. Katika hali hiyo andika "Trimeresurus, albolabris au macrops" na usione haya. Jibu la namna hiyo ni la kweli, na hospitali ya Bangkok itamtibu aliyeumwa na yeyote kati yao kwa dawa ileile.

Milimani kwenye misitu minene ya Thailand na Myanmar, jihadhari na Trimeresurus popeiorum, ambaye dume wake pia ana mstari wa rangi mbili.

Hatua ya 7: Ukiokota gamba alilojivua

Hii ndiyo njia pekee ya kuhesabu magamba bila hatari, nami naipendekeza kwa yeyote mwenye hamu. Hakikisha mwenyewe hayupo karibu. Lilowanishe gamba kwenye maji ya uvuguvugu hadi lilainike, ulitandaze juu ya kitambaa cheusi.

Katikati ya mwili, anza kwenye gamba linalopakana na magamba mapana ya tumbo, hesabu kwa mshazari kupanda mgongoni na kushuka upande wa pili, bila kuhesabu yale ya tumbo. Kwa albolabris utapata safu 21, mara chache 19. Kisha hesabu magamba mapana ya tumbo: dume 155 hadi 166, jike 152 hadi 176. Chini ya mkia magamba huwa jozijozi. Hesabu jozi, dume 60 hadi 72, jike 49 hadi 66. Stejnegeri naye ana safu 21, kwa hiyo idadi hiyo peke yake haiwatengi. Rudi kwenye kipande cha kichwa na utazame pua na mdomo.

Urefu wa gamba usiuandike kuwa urefu wa nyoka. Gamba huvutika wakati wa kuvuliwa. Na nyoka aliyekufa, hata aliyekatwa kichwa, usimhesabu kwa mikono mitupu: kichwa kinaweza kuuma bado.

Hatua ya 8: Mtu akiumwa

Sumu yake huharibu ugandaji wa damu. Mahali palipoumwa panauma sana na kuvimba haraka, na uvimbe unaweza kupanda mguu au mkono wote. Wengi hupona wakitibiwa, lakini hospitali ni lazima.

Vua pete, saa, bangili na viatu kabla uvimbe haujavikaza. Tuliza kiungo, kisitembezwe. Usifunge kamba, usichanje wembe, usinyonye jeraha, usiweke barafu. Jiwe la nyoka, ambalo wengi wetu tumelelewa tukiliamini, haliondoi sumu hii. Litakula muda tu. Aspirini na ibuprofeni ziachwe kabisa kwa sababu zinazidisha hatari ya kuvuja damu.

Piga simu: Thailand 1669, China 120, Hong Kong 999. Usimfuate nyoka kumuua ili umpeleke hospitali. Ile picha ya ubavuni inatosha, na kama haipo, sema rangi, urefu na mahali. Bangkok kuna taasisi ya Queen Saovabha ya Msalaba Mwekundu wa Thailand inayotengeneza dawa ya sumu ya vifutu hawa wa kijani, na hospitali za huko zina uzoefu nayo.

Mgonjwa akijisikia nafuu siku ya kwanza asidai kuruhusiwa. Damu inaweza kuonekana sawa kwenye kipimo cha kwanza, kisha ikaanza kukosa kuganda baadaye, ndiyo maana vipimo vya kuganda na vya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hurudiwa. Baada ya kutoka, arudi kupima kwa tarehe aliyopewa, na akiona fizi zinatoa damu, mkojo umebadilika rangi au michubuko imetokea bila sababu, arudi siku hiyohiyo.